Spika kubwa ya blututhi inapokoroma, kupoteza besi au kujizima: kutafuta chanzo kwa sikio na kwa mita

Spika kubwa ya kubeba, ile inayotumika kwenye ibada za uwanjani, sherehe za kipaimara, vikao vya vikoba na mikutano ya kijiji, haifi ghafla mara nyingi kama watu wanavyodhani. Kwa kawaida hutangulia kutoa dalili kwa wiki au miezi, na dalili hizo husikika kabla hazijaonekana. Ndiyo maana mwongozo huu unashikilia jambo moja: ubora wa sauti na uimara wa spika havipaswi kuchunguzwa kama maswali mawili tofauti, kwa sababu kinachoharibu sauti leo ndicho kitakachoua kifaa kesho. Anayejifunza kusikiliza kwa makini ataokoa fedha anapokwenda kununua, na ataokoa fedha tena anapokwenda kwa fundi, kwa kuwa atafika akijua anachoomba kitazamwe.

Kwetu Dodoma na mikoa jirani zipo sababu tatu zinazofanya uchunguzi huu uwe wa lazima. Kiangazi chetu ni kirefu, kuanzia Mei hadi Novemba, na upepo wake hubeba vumbi laini linaloingia kila penye upenyo. Jua la Oktoba na Novemba hupasha moto plastiki nyeusi kiasi cha mkono kushindwa kuigusa. Kisha kuna umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, pamoja na vijiji vingi vinavyotegemea paneli za jua ambazo hazikukusudiwa kuchaji spika moja kwa moja.

Tambua kwanza aina ya spika uliyonayo

Sokoni zipo familia mbili, na dalili ileile inaweza kuwa na maana tofauti kwa kila moja. Ya kwanza ni spika ya magurudumu yenye mkono wa kuvutia, boksi la plastiki au mbao zilizoshindiliwa, wufa (spika ya ndani inayotoa besi) ya inchi 8, 12 au 15, tundu la besi lililo wazi, sehemu ya flashi na maiki, na ndani yake betri ya risasi na asidi ya volti 12, ile nyeusi yenye umbo la tofali. Ya pili ni spika iliyofungwa pande zote, yenye betri ya lithiamu na utando wa besi unaotikisika pembeni bila kuwa na waya wowote. Utando huo husukumwa na hewa iliyo ndani ya boksi, hivyo hufanya kazi ya tundu la besi bila kuacha njia ya vumbi.

Familia ya pili hutambulika pia kwa alama ya kinga iliyoandikwa kwenye kasha. JBL Boombox 3, kwa mfano, ina alama ya IP67: tarakimu ya 6 ina maana kwamba vumbi haliingii kabisa, na ya 7 ina maana kwamba kifaa kilipimwa ndani ya maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. JBL PartyBox 110 ina alama ya IPX4, na hapo msomaji awe mwangalifu, kwa sababu herufi X inaeleza kuwa kinga dhidi ya vumbi haikutajwa, wakati 4 inahusu matone ya maji yanayoruka tu. Mtu wa Bahi au Manyoni anayehofia vumbi kuliko mvua anapaswa kuisoma tarakimu ya kwanza kabla ya ile ya pili. Tena kinga hiyo ipo pale tu vifuniko vya matundu ya chaji vinapokuwa vimebanwa vizuri. Kifuniko cha mpira kilichokatika hufuta ahadi yote.

Sauti inakoroma, inapasuka au inakwaruza

Hii ndiyo dalili inayopeleka spika nyingi kwa mafundi, na ndiyo yenye vyanzo vingi, kwa hiyo inahitaji utulivu. Anza na wimbo wenyewe. Wimbo uliotolewa kwenye video, ukabanwa, ukatumwa WhatsApp na kutumwa tena, hufika ukiwa umekwisha haribika, na spika nzuri huonyesha uharibifu huo waziwazi kuliko spika mbaya. Cheza wimbo uliopakuliwa vizuri, kisha cheza sauti ya mtu anayezungumza peke yake, kwa mfano kipindi cha mahojiano. Kama hivi viwili ni safi na wimbo wa WhatsApp ndio unaokwaruza, spika haina kosa.

Hapa nitoe tahadhari moja ya kienyeji. Wengi wetu hupenda kujaribu spika kwa muziki wa Kigogo, nami naupenda pia, lakini ilimba, ala ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, si kipimo kizuri cha mkwaruzo. Ala hiyo imetengenezwa ili ivume: mafundi wake huziba matundu madogo ya boksi kwa utando wa buibui ili kila noti iwe na mtetemo wake juu ya sauti. Anayetafuta mkwaruzo wa spika kwa kusikiliza ilimba atausikia hata pasipo na hitilafu. Ilimba inafaa kwa kupima twita (spika ndogo ya sauti za juu), yaani kama mguso wa kila kijiti cha chuma unasikika kando na mwingine. Kwa wufa, tumia ngoma za muheme zilizorekodiwa vizuri, ambazo mpigo wake huanza na kukoma kwa ghafla, au sauti ya mwanamume mwenye koo nzito.

Baada ya wimbo, kagua ikwalaiza, yaani mipangilio ya kuongeza au kupunguza besi na sauti za juu, na uikague mahali pote ilipo: kwenye mipangilio ya simu, kwenye programu ya muziki na kwenye spika yenyewe. Ni kawaida kukuta zote tatu zimeongezwa besi bila mwenyewe kukumbuka. Kila desibeli 3 (kipimo cha ukubwa wa sauti) zinazoongezwa huidai amplifaya, saketi inayokuza sauti, nguvu maradufu kwenye noti hizo. Ukiongeza desibeli 6 kwenye simu na 6 nyingine kwenye spika, umeomba desibeli 12, ambazo ni karibu mara 16 ya nguvu ya awali. Hakuna amplifaya ndogo inayoweza kutoa hizo. Itakachofanya ni kukata vilele vya mawimbi, na huko kukatwa ndiko tunakosikia kama kupasuka. Rudisha kila kitu kwenye sifuri, halafu ongeza sauti polepole. Mkoromo ukitoweka, tatizo lilikuwa matumizi, na ukiendelea na mazoea yale koili (waya uliozungushwa unaosukuma koni, ule uso wa wufa unaotikisika) itaungua kweli, kwa maana mawimbi yaliyokatwa vilele huipasha joto kupita yale mazima.

Kipimo kinachofuata ni umeme. Chomeka spika kwenye chaji, cheza wimbo uleule kwa kiwango kilekile cha sauti, kisha chomoa usikilize tena. Mkoromo unaokuja tu wakati wa betri, na hasa pale besi inapogonga, unatoka kwenye betri wala si kwenye koni. Nilimwona fundi mmoja wa Majengo akilithibitisha hilo mbele ya mwalimu wa kwaya aliyekuja na spika ya magurudumu, akiwa ameshakata tamaa na kuomba wufa mpya. Fundi hakugusa wufa. Alifungua mgongo wa boksi, akashika ncha mbili za mita ya umeme kwenye betri na kusoma volti 12.6 spika ikiwa imetulia. Kisha akamwomba aweke wimbo wa kwaya wenye gitaa la besi. Kila besi ilipogonga, namba zilishuka hadi 9 na kupanda tena, na koni ikatoa mkoromo uleule uliolalamikiwa. “Mwalimu, wufa yako haina neno,” alimwambia. “Betri ndiyo imechoka. Ukiipima ikiwa imelala inakudanganya.” Kipimo hicho cha volti wakati mzigo upo ndicho cha kuomba, kwa sababu betri nyingi zilizochoka husoma vizuri zikiwa zimepumzika.

Kama mkoromo upo hata kwenye chaji, sauti ikiwa ya chini na ikwalaiza ikiwa sifuri, sasa ndipo koni inapaswa kushukiwa. Zima spika, ondoa wavu wa mbele kama unatoka, weka vidole gumba viwili pande mbili za katikati ya koni na uisukume ndani taratibu kwa nguvu iliyo sawa. Koni nzima huingia na kurudi kimyakimya. Ukisikia au kuhisi mkwaruzo, koili inagusa chuma cha sumaku, ama kwa sababu imeungua na kuvimba, ama kwa sababu vumbi limeingia kwenye mwanya wake, ama kwa sababu spika iliwahi kuanguka na sumaku ikahama. Vumbi letu laini likichanganyika na chembe za chuma hunaswa na sumaku, na kulitoa bila kubandua koni ni kazi ngumu; mara nyingi kubadilisha wufa ni nafuu kuliko kuitengeneza.

Mita itasaidia pia. Wufa iliyoandikwa omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) husoma kidogo chini ya 4, kwa kawaida 3 na ushei, nyaya zake zikiwa zimetenganishwa na amplifaya. Ikisoma karibu na sifuri, koili imeshikana. Isiposoma chochote, imekatika. Usiiunganishe wufa ya omu 2 kwenye amplifaya iliyotengenezewa omu 4 kwa sababu tu imeingia kwenye tundu la boksi, kwa kuwa utaua amplifaya iliyokuwa nzima.

Mkwaruzo wa mwisho ni ule usiotoka kwenye koni kabisa: wavu uliolegea, skrubu ya mkono wa kuvutia, kifuniko cha taa, waya unaogonga mbao kwa ndani. Programu za simu zinazotoa mlio mmoja wa kupanda taratibu kutoka 40 Hz hadi 200 Hz huufichua haraka. Weka sauti ya wastani, na pale mkwaruzo unapotokea simamisha mlio, kisha bonyeza sehemu za boksi moja baada ya nyingine kwa kiganja hadi ukome. Palipobonyezwa ndipo penye skrubu ya kukaza.

Besi imepotea, au sauti imekuwa nyembamba

Kabla ya kulaumu chochote, kumbuka mahali spika ilipo. Dukani ilikaa kwenye kona ya chumba, na kuta mbili pamoja na sakafu viliikusanya besi na kuirudisha kwako. Uwanjani hakuna kinachoirudisha, na kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupungua kwa desibeli 6. Spika iliyojaza chumba huko Area C haiwezi kujaza uwanja wa shule wa Kongwa, hata ikiwa mpya. Isogeze karibu na ukuta, iache chini badala ya kuiweka mezani, na usikie tofauti.

Spika nyingi za kisasa pia hupunguza besi zenyewe kadiri unavyoongeza sauti, ili kuzilinda koni. Ukisikia besi nzuri kwenye nusu na nyembamba kwenye mwisho, hayo ni maamuzi ya kiwanda. Vivyo hivyo nguvu hupungua kwenye betri: ile Boombox 3 niliyoitaja hutoa wati 180 ikiwa kwenye umeme na wati 136 ikiwa kwenye betri. Kama sauti imegeuka ghafla na kuwa ya kubanwa kama ya mtu anayeongea kwenye simu, basi ndivyo ilivyo: simu imehamia kwenye mfumo wa maongezi, ama kwa sababu umepigiwa, ama kwa sababu kuna programu inayotumia maiki. Ifunge programu hiyo.

Besi iliyopotea baada ya spika kutoka kwa fundi ina maelezo yake pekee. Penye wufa mbili, nyaya za mmoja wao zikigeuzwa chanya na hasi, koni moja itatoka nje wakati nyingine inaingia ndani, na hewa wanayosukuma itafutana. Jaribio lake halihitaji mita: gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwa sekunde moja kwenye ncha za kila wufa, chanya kwa chanya, na koni zote zinapaswa kuruka upande mmoja. Katika spika zilizofungwa, kagua utando wa besi pembeni. Ukipasuka hata kidogo, hewa hutoroka, besi huondoka, na kinga ya maji huondoka nayo.

Inajizima, au haikai na chaji

Kujizima baada ya dakika kadhaa za ukimya ni utaratibu wa kawaida wa kuokoa betri. Kujizima besi inapogonga ni betri iliyochoka, kama ilivyoelezwa. Kujizima mchana juani na kuwaka tena baada ya kukaa kivulini ni ulinzi wa joto, na hapo spika inapaswa kusikilizwa badala ya kulazimishwa. Betri ya lithiamu haipaswi kuchajiwa ikiwa imepita nyuzi joto 45, na boksi jeusi lililoachwa kwenye gari lililofungwa Novemba hufika huko kwa urahisi.

Betri ya risasi na asidi huuawa na jambo moja kuliko mengine yote, nalo ni kuachwa ikiwa tupu. Ikijaa na kupumzika husoma kama volti 12.7, ikifika 11.8 bila mzigo imekwisha. Ikikaa hivyo kwa wiki kadhaa, sahani zake hufunikwa na ukoko wa chumvi ya risasi usiotoka tena, na ndiyo sababu spika ya kanisa iliyotumika Pasaka na kufungiwa stoo hadi Krismasi hukutwa imekufa. Ichaji mara tu baada ya kutumia, usiku uleule ikiwezekana, na uirudishie chaji kila mwezi hata kama haitumiki. Habari njema ni kwamba betri hii ni rahisi kuibadilisha: soma volti na ampea-saa zilizoandikwa ubavuni, pima urefu na kimo chake, kisha nunua inayolingana.

Betri ya lithiamu hutaka kinyume kidogo: ihifadhiwe ikiwa na chaji ya nusu, mahali pa baridi. Ikianza kuvimba, acha kuitumia siku hiyohiyo, usiitoboe, usiibonyeze, na usiichaji “mara ya mwisho”. Inapobadilishwa, ibadilishwe seti nzima pamoja na saketi yake ya ulinzi. Kuchanganya seli mpya na za zamani ni hatari ya moto, na fundi anayependekeza hivyo ili kupunguza bei asikubaliwe.

Kuhusu chaja, volti lazima zifanane na zilizoandikwa kwenye spika, na chanya na hasi za pini vilevile. Ampea zikizidi hazina madhara. Chaja ndogo ya simu inaweza kuwasha taa ya chaji huku betri ikiendelea kushuka, kwa sababu muziki unakula zaidi ya kinachoingia. Umeme ukikatika, chomoa, na uchomeke tena dakika chache baada ya kurudi. Kwa wenye sola, paneli inayoitwa ya volti 12 hutoa hadi volti 21 hivi pasipo na mzigo, kwa hiyo kuiunganisha kwenye spika bila chaji kontrola, kifaa kinachodhibiti volti za paneli, ni kuiunguza.

Blututhi inakatika, mvumo na miluzi

Cheza wimbo kutoka kwenye flashi au waya wa AUX. Ukikatika huko pia, kosa si la blututhi, rudi kwenye betri. Usipokatika, kumbuka kwamba blututhi hutumia 2.4 GHz, masafa ambayo mwili wa binadamu, wenye maji mengi, huyameza. Simu iliyo mfukoni mwa mtu anayecheza katikati ya watu mia itakatika hata kwa mita 6. Iweke juu, karibu na spika, na uzime blututhi ya simu nyingine zilizowahi kuunganishwa.

Mvumo wa “mmm” unaokoma ukichomoa chaja unatoka kwenye chaja au kwenye mzunguko wa ardhi (umeme unaozunguka kwenye nyaya za ardhi) kati ya spika na mikisa, kile kifaa cha kuchanganya sauti. Miluzi ya maiki hupungua maiki ikishikwa nyuma ya spika na mwangwi ukipunguzwa.

Kusikiliza dukani

Puuza wati zilizoandikwa PMPO, kwa kuwa hazina kipimo kinachokubalika nyuma yake. Tafuta neno RMS, yaani nguvu ambayo spika inaweza kuitoa mfululizo. Hata hizo RMS zisikuvutie kupita kiasi, kwani wati maradufu huongeza desibeli 3 tu, na ili sikio lione sauti imekuwa maradufu kwa kawaida huhitajika nguvu mara 10.

Nenda na simu yako na nyimbo unazozijua. Anza kwa sauti ya chini kabisa: spika nzuri bado ina maneno yanayoeleweka na besi kidogo. Kisha ipandishe hadi robo tatu na uiache hapo kwa dakika 10, kwa sababu amplifaya dhaifu hujificha kwa nyimbo mbili tu. Gusa mgongo wake kama una joto kali. Ubavuni mwa koni, ukingo wa mpira hudumu kuliko wa sponji, ambao hukauka na kumong’onyoka. Skrubu ni bora kuliko gundi. Uliza kama betri inafunguka na kama ya kubadilishia inapatikana hapa mjini, kisha andikiwa waranti kwenye risiti.

Mwishowe omba spika ichomolewe kwenye chaja na ipigwe nje, mlangoni, kwenye kelele za barabara, kwa sababu huko ndiko itakakofanya kazi. Muuzaji akikataa, duka jingine la spika haliko mbali.